Kosa Hutafutwa Kinyumenyume: Matatizo ya Kusafisha Vyombo vya Upasuaji na Vyanzo Vyake

Muuguzi mgeni akifungua trei iliyotoka kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke, na kukuta kibano kina doa la kahawia, wa kwanza kulaumiwa ni mashine. Fundi anaitwa, anapima, anasema mashine ni nzima, na kesho yake doa linarudi. Mara nyingi mashine haina hatia. Doa lilianza saa tatu au nne nyuma, mgonjwa alipokuwa akifungwa nyuzi na kile kibano kimewekwa pembeni na damu yake.

Nimefundisha wauguzi kazi hii kwa miaka kadhaa na nimeacha kuanza na orodha ya hatua. Hatua zinakaririwa vizuri sana, kisha zinaachwa mlangoni mwa chumba cha kuoshea. Siku hizi naanza na chombo chenye kasoro na tunarudi nacho nyuma, mkono kwa mkono: nani alikifunga, nani alikikausha, nani alikisugua, nani alikiachia damu. Mwongozo huu nimeupanga vivyo hivyo. Anza na dalili uliyonayo mkononi.

Kabla ya hapo, tenganisha maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Kusafisha ni kuondoa damu, mafuta, vipande vya nyama na uchafu mwingine kwa maji, sabuni na kusugua. Kuua vijidudu kwa dawa au kwa kuchemsha kunaangamiza vingi, lakini spora, yaani umbo gumu ambalo bakteria fulani hujigeuza ili kustahimili, zinaweza kupona. Kutakasa ni kuangamiza vyote, na spora zikiwemo. Chombo kinachoingia ndani ya mwili au kwenye mshipa wa damu lazima kitakaswe, na chombo kichafu hakitakasiki. Mvuke unatakiwa uguse kila sehemu ya chuma. Penye ukoko wa damu unagusa ukoko tu, na kilichojificha chini yake kinasalimika.

Damu kwenye bawaba

Chombo kinang'aa. Ukikifungua mpaka mwisho na kukiweka chini ya taa yenye lenzi ya kukuza, unaona mstari mweusi pale vipande viwili vinapopishana. Wakati mwingine mstari hauonekani mpaka chombo kitoke kwenye joto, kwa sababu damu imepikwa ikabadilika rangi.

Nina zoezi moja ambalo silikosi katika siku ya kwanza. Nachukua kibano cha mishipa ambacho mwanafunzi mwenyewe amekiosha na kusema kiko tayari. Nakifungua, nakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vimeng'enya, naiweka glasi mbele ya karatasi nyeupe, tunaendelea na mambo mengine. Baada ya dakika kumi tunarudi. Uzi mwembamba wa rangi ya kutu unashuka kutoka kwenye bawaba, unajikunja polepole, unatua chini ya glasi. Watu hunyamaza. Kuanzia hapo sihitaji kumbembeleza mtu afungue bawaba.

Chanzo kinachoongoza ni kuchelewa. Damu mbichi inaondoka kwa maji; iliyokauka inashika chuma kama gundi na kuingia kwenye kila mfereji. Kwa hiyo usafi unaanzia mezani, upasuaji ukiendelea. Muuguzi anayempa daktari vyombo anafuta kila kinachorudi kwa shashi iliyoloweshwa maji yaliyotakaswa, na mirija ya kufyonzea anaisukumia maji kabla haijaziba. Narudia, maji matupu. Maji ya chumvi ni ya mgonjwa. Chuma yanakiumiza, na nitalieleza hilo mbele. Upasuaji ukiisha vyombo vinafunguliwa, vinafunikwa kwa taulo lenye unyevu au kupuliziwa povu maalumu, vinabebwa ndani ya chombo kilichofungwa mpaka sinkini. Visingojee trei ya mgonjwa wa pili ijae.

Chanzo cha pili kinatokana na nia njema: maji ya moto. Mtu anadhani kadiri maji yalivyo moto ndivyo yanavyosafisha. Protini ya damu ikipata joto la zaidi ya nyuzi 45 hivi huanza kuganda, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe, na ikishaganda juu ya chuma umejiongezea kazi. Suuza ya kwanza ni ya maji baridi yanayotiririka. Uvuguvugu unakuja baadaye pamoja na sabuni.

Chanzo cha tatu ni sabuni yenyewe kutumiwa vibaya. Vimeng'enya ni protini zinazomeng'enya protini nyingine, mafuta na wanga. Vinahitaji muda, kiasi na joto vilivyoandikwa kwenye chupa. Ukivitia kwenye maji yanayochemka umeviua. Ukimimina kwa kukadiria, leo sabuni ni nyepesi na kesho ni nzito hadi haisuuziki. Beseni likitumika tangu asubuhi mpaka jioni, vyombo vya mwisho vinaoshwa kwenye supu ya vya kwanza. Weka kikombe cha kupimia na kipimajoto pale pale sinkini, maana vikiwa kabatini havitumiki. Badilisha maji kila yanapochafuka.

Halafu kuna brashi. Brashi ya waya inakwaruza chuma, na kila mkwaruzo ni maficho mapya. Tumia ya nailoni, laini lakini yenye nguvu. Sugua chombo kikiwa ndani ya maji, ili matone yasikurukie usoni. Kwa mirija, brashi iwe na unene wa tundu lenyewe: nyembamba inapita bila kugusa kuta, nene haifiki. Isukume mpaka uione ikitokea upande wa pili. Ukiwa na shaka na mrija uliokwisha oshwa, dondoshea ndani haidrojeni peroksidi ya asilimia 3. Ikitoa mapovu, bado kuna damu. Rudia kuosha na usuuze ile dawa yote.

Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti inasaidia sana kwenye bawaba na meno, mradi usiifanye mbadala wa mkono. Uchafu mkubwa uondolewe kwanza, vyombo viingie vikiwa wazi, visirundikwe, metali tofauti zisichanganywe, na maji mapya yaendeshwe kidogo bila vyombo ili hewa itoke. Ukitaka kujua kama bado ina nguvu, ning'iniza kipande cha karatasi ya alumini ndani yake kwa muda mfupi. Kikitoka na vitundu vilivyotawanyika sawasawa, iko sawa. Kikiwa na vitundu upande mmoja tu, mwite fundi.

Madoa ya rangi

Hapa ndipo wauguzi wengi hutupa vyombo vizima au, vibaya zaidi, hubaki na vibovu. Swali la kwanza ni moja: hili ni doa au ni kutu? Chukua kifutio cha penseli, sugua. Rangi ikitoka na chuma chini yake ni laini, lilikuwa doa. Rangi ikitoka na kuacha vishimo vidogo unavyovihisi kwa ukucha au kuviona kwa lenzi, ni kutu, na chombo hicho kitengwe. Safisha kifutio chenyewe kabla ya kukigusisha chombo kingine, na chombo ulichokisugua kirudi sinkini.

Likiwa doa, rangi inakueleza pa kwenda.

Alama nyeupe au kijivu, za mviringo kama tone lililokauka: ndivyo zilivyo hasa, madini ya maji magumu yaliyobaki baada ya tone kukauka. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji yaliyoondolewa madini, na chombo kikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi badala ya kuachwa kijikaushe. Kama alama zinaonekana kwenye kila mzigo ingawa suuza ni nzuri, shuku maji yanayotengeneza mvuke.

Rangi ya machungwa au kahawia bila vishimo: sabuni kali yenye alikali nyingi, au damu iliyopikwa, au dawa ya kusafishia ngozi iliyobaki kwenye chombo. Wakati mwingine ni kutu ya kuazima, imetoka kwenye mabomba ya mvuke au kwenye chombo kimoja chenye kutu kilichowekwa katikati ya vizima. Chombo kimoja chenye kutu kinatosha kuchafua trei nzima, kwa hiyo usikionee huruma.

Nyeusi: mara nyingi ni sabuni yenye asidi, au amonia. Angalia nini kipya kimenunuliwa. Nimewahi kuona madoa meusi yakitokea ghafla kwenye trei zote, na tulipofuatilia tukakuta sabuni ya vyombo imekwisha, mtu akaokoa zamu kwa dawa ya kusafishia sakafu. Hakuwa mzembe, hakuna aliyekuwa amemwambia tofauti yake. Sabuni ya kazi hii ni ile iliyotengenezwa kwa vyombo vya upasuaji, yenye pH iliyo karibu na 7, yaani si asidi wala alikali, kama mtengenezaji wa chombo hakusema vingine.

Buluu inayokaribia nyeusi: metali mbili tofauti zimelala pamoja kwenye maji au kwenye mvuke, moja ikahamia juu ya nyingine. Tenganisha chuma cha pua na shaba, alumini, na vyombo vya zamani vilivyopakwa kromu vinavyoanza kubanduka.

Rangi za upinde wa mvua: joto limezidi. Ngozi ya juu ya chuma imebadilika, na kwa chombo chenye makali ni onyo kwamba huenda ugumu wake umepungua. Kipime kabla hakijarudi kazini.

Vishimo na kutu

Neno "chuma cha pua" linawadanganya watu kuwa hakishiki kutu. Kinachokilinda ni kromu iliyomo ndani yake, isiyopungua asilimia 10.5, ambayo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana. Utando ukivunjwa, chuma kinaliwa kama chuma kingine chochote. Mikasi na vibano viko hatarini zaidi, kwa sababu chuma chao huchaguliwa kwa ugumu ili kishike makali na kubana vizuri, na ugumu huo unagharimu sehemu ya uwezo wa kustahimili kutu.

Adui mkuu wa utando huo ni kloridi. Iko kwenye maji ya chumvi. Iko kwenye damu. Iko kwa wingi kwenye dawa ya klorini, na hapa nina jambo la kusema kwa uzito. Wauguzi wengi walifundishwa kuloweka vyombo kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha, na walifundishwa hivyo kwa nia ya kuwakinga. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 haipendekezi tena jambo hilo. Dawa inavitoboa vyombo. Damu inaidhoofisha dawa, hivyo ulinzi unaodhani unao haupo. Na kubeba beseni la maji machafu yenye klorini ni hatari kwa anayelibeba. Kinachomlinda anayeosha ni glavu nene, aproni isiyopitisha maji, kinga ya uso na viatu vilivyofunika vidole.

Ukimfundisha mtu aliyeloweka klorini kwa miaka kumi na tano, usimwambie amekuwa akikosea. Mpe mkasi wenye vishimo na lenzi, mweleze vilivyotokea, kisha mpe aproni na ngao ya uso iliyo nzima. Ukiliondoa beseni la klorini bila kumpa kinga hizo, atalirudisha zamu ya usiku, na kwa haki.

Chombo chenye vishimo hakiponi. Kutu ikiwa kwenye bawaba, ufa uko njiani, na ufa ukikamilika kipande kinaweza kubaki tumboni mwa mtu.

Bawaba ngumu, mkasi butu, sindano inayozunguka

Bawaba ngumu husababishwa na uchafu uliobaki, au ukosefu wa kilainishi. Osha upya kwanza. Kulainisha juu ya damu ni kuificha. Kilainishi kiwe kile kinachoyeyuka kwenye maji, kile cheupe kinachoitwa maziwa ya vyombo. Mafuta ya cherehani, mafuta ya mashine na mafuta ya mgando hayafai kabisa. Mvuke haupenyi mafuta, kwa hiyo bawaba yako laini itatoka kwenye otoklevu ikiwa haijatakaswa.

Mkasi upimwe kwa shashi, usipimwe kwa kidole. Mkasi mkubwa ukate tabaka nne za shashi mpaka kwenye ncha bila kuvuta uzi. Mdogo, tabaka mbili. Ukikamata nyuzi kwenye ncha, unahitaji kunolewa na mtu anayejua kazi hiyo. Sababu ya kawaida ya mkasi kuwa butu ni matumizi mengine: mkasi wa nyama umekata bandeji, au umetupwa chini ya vyombo vizito kwenye beseni. Vizito viwe chini, vyepesi juu, vyenye ncha vivikwe kinga.

Kibano kifunge kwenye jino la kwanza la kufuli lake, lile lililo karibu na mpini, kisha kigongegonge taratibu kwenye kiganja. Kikifunguka, meno yamechoka. Kishika sindano kishike sindano ya ukubwa wake kwenye jino la pili. Ukiweza kuizungusha sindano kwa vidole, peleka kwa fundi. Majaribio haya yanachukua sekunde chache kila moja. Yafanywe mezani kwa anayepanga trei, kwa kuwa daktari akigundua yeye, tayari tumbo liko wazi.

Kifurushi kimetoka kimelowa

Kifurushi chenye unyevu hesabu kimechafuka, hata kama utepe wa nje, ule unaogeuka rangi ukipata joto, umegeuka kikamilifu. Kitambaa au karatasi iliyolowa ni njia ya vijidudu kupita kutoka nje kwenda ndani. Usikianike, usikirudishe kwenye joto kama kilivyo. Fungua, kausha, funga upya kwa kifungashio kikavu, anza mzunguko mwingine.

Kisha tafuta chanzo, ukianza na kilicho karibu na mikono yako. Je, vyombo vilifungwa vikiwa na maji? Je, trei ni nzito mno? Kipimo kinachotumiwa sana ni trei isizidi kilo 11 hivi pamoja na kifungashio chake. Chuma kingi kinazalisha maji mengi mvuke unapopoa juu yake. Je, bakuli ziliwekwa kinywa juu zikakinga maji? Zilazwe ubavu. Je, mifuko ya karatasi na plastiki ililazwa bapa, moja juu ya nyingine? Isimamishwe kwa makali, upande wa karatasi wa mmoja ukiangalia plastiki ya mwingine. Je, mzigo ulibanwa mpaka mkono haupiti katikati?

Kama hayo yote ni sawa, angalia mwisho wa mzunguko. Mtu mwenye haraka hukatisha muda wa kukausha, kwa sababu kwake kazi iliisha joto lilipotimia. Au anavitoa vifurushi vikiwa vya moto na kuvipanga juu ya meza baridi ya chuma, mvuke uliobaki ndani ukageuka matone. Viache kwenye kitoroli chao, mbali na feni na dirisha, bila kuguswa, mpaka vipoe. Kugusa kifurushi cha moto kwa mkono ni kukitia unyevu na vijidudu kwa wakati mmoja.

Vikilowa wiki nzima hata mzigo ukiwa mdogo na umepangwa vizuri, hapo ndipo fundi aitwe: mvuke wenye maji mengi, mtego wa maji ulioziba, mpira wa mlango uliochoka.

Utepe umebadilika rangi, mnajiona salama

Utepe wa nje unajibu swali moja dogo: kifurushi hiki kimepita kwenye joto? Hausemi kama mvuke ulifika katikati wala kama ulikaa muda wa kutosha. Weka kiashiria kingine ndani, mahali ambapo mvuke unafika kwa shida zaidi, na mfundishe anayefungua trei chumbani akisome kabla ya kugusa chombo chochote.

Kiashiria cha ndani kikishindwa, shuku hewa iliyonaswa. Hewa na mvuke vikiwa pamoja, kipimo cha mgandamizo kinaweza kuonyesha kiasi sahihi huku joto likiwa chini. Kwa hiyo vipimo vyote viwili visomwe. Nyuzi 121 zinaendana na mgandamizo wa takriban baa 1 juu ya ule wa hewa ya kawaida, na nyuzi 134 na takriban baa 2. Muda uhesabiwe tangu joto lilipofikiwa, usihesabiwe tangu mlango ulipofungwa: kwa vyombo vilivyofungwa, dakika 30 kwa nyuzi 121 kwenye mashine inayosukuma hewa nje kwa mvuke tu, dakika 3 au 4 kwa nyuzi 132 hadi 134 kwenye mashine inayofyonza hewa. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Mashine inayofyonza hewa ipimwe kila asubuhi kwa kipimo cha Bowie-Dick, karatasi inayoonyesha kama hewa yote imetoka, chumba cha mashine kikiwa kitupu. Karatasi ikibaki na duara lisilobadilika rangi katikati, hewa imebaki, mashine isitumike. Kipimo cha mwisho ni spora hai za Geobacillus stearothermophilus, bakteria wanaostahimili mvuke kuliko wengi. Angalau mara moja kwa wiki, na kila mzigo wenye vipandikizi vya kubaki mwilini. Spora zikiota, mizigo yote tangu jibu zuri la mwisho irudishwe. Hilo haliwezekani kama vifurushi havina tarehe, namba ya mashine na namba ya mzunguko, ndiyo maana naandikisha watu namba hizo tangu siku ya kwanza hata wakinung'unika.

Jicho limevimba na hakuna bakteria

Ni nadra, lakini ukikutana nalo utalikumbuka. Baada ya upasuaji wa jicho, ndani ya siku moja au mbili, mbele ya jicho kunavimba na uoni unafifia, na vipimo havioni bakteria. Mabaki ya sabuni kwenye mirija myembamba ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana. Vyombo vya macho vioshwe peke yake, kwa sabuni iliyopimwa, na visuuzwe kwa maji mengi yaliyoondolewa madini, mirija ikisukumiwa maji na kisha hewa.

Muuguzi amejichoma sinkini

Kwanza mhudumie. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamuliwa, na taarifa itolewe saa hiyo hiyo. Kwa chomo moja lenye damu ya mwenye maambukizi, hatari ya VVU ni takriban asilimia 0.3, ya homa ya ini C ni chini ya 2, na ya homa ya ini B kwa asiyechanjwa ni kati ya 6 na 30. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72. Namba ya tatu ndiyo inayonifanya nisimruhusu mtu kugusa sinki kabla hajachanjwa.

Halafu uliza kisu kilifikaje kule. Karibu kila mara jibu liko chumba cha upasuaji: ncha kali iliachwa kwenye trei chini ya shashi. Aliyeitumia ndiye aitoe, kabla trei haijavuka mlango. Na sinkini, mkono usizame kwenye povu usiloona chini yake. Vyombo vikae kwenye kikapu kinachoinuliwa.

Trei pungufu

Orodha iwe ndani ya trei na ihesabiwe mara mbili, inapotoka chumbani na inapopangwa. Vipotea njia vingi hupatikana kwenye mashuka.

Wamefaulu mtihani, vyombo bado vichafu

Hii ni dalili pia, na inanihusu mimi na wewe tunaofundisha. Muuguzi anayeeleza hatua zote sawasawa lakini anatoa trei chafu huwa na moja ya mambo matatu. Hajaona uchafu wenyewe, kwa kuwa tulimfundisha kwa picha. Au hana kitu: brashi imekwisha nywele, sabuni inabaniwa, lenzi imefungiwa ofisini. Au hana muda, kwa sababu trei ni chache na daktari anagonga mlango. Mafunzo yanatibu la kwanza peke yake. Ukimpeleka tena darasani mtu mwenye tatizo la pili au la tatu, unamdhalilisha bure. Peleka madai kwa anayeshika bajeti na ratiba, ukiwa umebeba kile kibano chenye mstari mweusi.

Kwa la kwanza, kaa naye sinkini. Saa moja ya kusimama bega kwa bega, mikono yake ikifanya na yako ikiwa mfukoni, inazidi siku nzima ya maelezo. Usimkatize anapokosea bawaba. Mwache amalize, kisha umpe lenzi aitafute mwenyewe. Baada ya wiki sita rudi bila kutoa taarifa, chukua trei moja iliyopangwa tayari kufungwa, fungua vyombo vitano vyovyote na mvitazame pamoja. Andika mlichokiona, na tarehe. Mwezi unaofuata fanya tena, kwenye zamu ya usiku.